Tazameni Mtungi, Msihesabu Miaka

Mpwa wangu ana miaka 10 na ni kipa. Hilo la pili ndilo lililozua maneno. Hudaka katika uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba za Mtopanga, Mombasa, mbele ya wavulana ambao hawajapata kuambiwa kwamba msichana hapigiwi mpira wa uso, na miwani yake imefungwa kisogoni kwa lastiki ya suruali. Mwaka huu pekee fremu tatu zimekwenda. Ya kwanza ilipasuliwa na mpira, ya pili iligandishwa gundi na fundi wa simu ikadumu siku nne, ya tatu ilikanyagwa na beki wa timu yake mwenyewe. Bila miwani, mpira anauona ukiwa umeshampita. Basi mamake akauliza swali la kawaida kabisa: huyu hawezi kuvalishwa lenzi, zile za kuingia jichoni?

Aliuliza watu wanne, akarudi na majibu manne. Nyanya yake mtoto alisema jicho la mtoto wa kike lisiguswe mpaka avunje ungo. Ami yake akasema 18, kama kitambulisho na kura. Muuza miwani mjini akasema 16, bila kuinua kichwa. Jirani, ambaye ana watoto watatu bweni, akatoa hukumu inayotawala Mtopanga nzima, na kwa nijuavyo pwani nzima: "Akifika fomu wani tutaona." (Fomu wani yenyewe inatutoka. Mtihani wa KCPE, uliokuwa mlango wa fomu wani, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023 na watoto wa sasa wanahesabiwa kwa gredi, lakini mdomoni mwa wazazi fomu wani haifi. Imekuwa jina la umri ambao akili hushuka yenyewe kutoka mbinguni.)

Mimi siuzi lenzi wala sina hisa katika duka la miwani. Naandika kuupinga ushauri huu wa "subirini akue" kwa sababu mbili. Kwanza, unapima kisichopimika: umri haumwambii mtu chochote kuhusu lenzi. Pili, na hili ndilo linaloniudhi, ukiufuata kwa uaminifu utamkabidhi mwanao lenzi katika mwaka ulio mbaya kuliko yote ya maisha yake, mahali palipo pabaya kuliko pote, kisha utajipongeza kwa kuwa na subira.

Tuanze na jicho lenyewe, maana nyanya hawezi kuachwa bila jibu. Anasema jicho la mtoto ni changa. Kwa kioo cha jicho, yaani konea, pale lenzi inapokaa, si kweli. Konea hukaribia upana wake wa utu uzima mtoto akiwa na miaka 2 hivi. Kinachoendelea kukua ni urefu wa jicho kwenda nyuma, na kurefuka huko ndiko kunakopandisha namba za miwani mwaka hadi mwaka kwa mtoto asiyeona mbali. Kwa hiyo uwanja wa kuwekea lenzi umekamilika kabla mtoto hajajua kutamka "lenzi".

Wala si nadharia. Wako watoto wanaozaliwa na ugonjwa ambao lugha yetu, kwa ucheshi wake, imeuita mtoto wa jicho. Mtoto mchanga ana mtoto wa jicho. Huyu hangojewi, kwa sababu ubongo usiopata picha safi katika miezi ya mwanzo husahau kuona, na ukishasahau haufundishiki tena kwa urahisi. Huko Marekani ulifanywa utafiti wa watoto 114 waliozaliwa na ugonjwa huo katika jicho moja, wakafanyiwa upasuaji wakiwa na umri wa mwezi 1 hadi 6. Nusu walipandikizwa lenzi ndani ya jicho palepale, nusu wakavalishwa lenzi za juu ya jicho, na wazazi wakafundishwa kazi ya kuzitunza. Matokeo ya mwaka wa kwanza yalitolewa 2010, na yale ya watoto walipokaribia miaka 5 yakatolewa 2014. Uwezo wa kuona wa makundi mawili haukutofautiana, ila waliopandikizwa walirudishwa chumba cha upasuaji mara nyingi zaidi.

Sasa niambieni: mtoto wa miezi 2 "yuko tayari" kwa lenzi kwa maana gani? Hajui mkono wake ni wake. Hajavunja ungo, hana kitambulisho, hajafika fomu wani. Aliyekuwa tayari ni mamake. Tangu mwanzo kitu kilichopimwa ni nyumba: nani ananawa mikono, nani anakumbuka, nani anaamka jicho likiwa jekundu na kusema leo hatuvai, leo tunakwenda kwa daktari. Hapo ndipo ulipo msumari wa hoja yangu, na mengine yote nitakayosema nitayatundika hapo.

Mtoto anaweza kuanza lini kujishughulikia mwenyewe? Jeffrey Walline na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walilitazama hilo mwaka 2007. Waliwapa lenzi watoto wa miaka 8 hadi 12, na vijana wa 13 hadi 17, wakahesabu muda wa kuwapima na kuwafundisha. Watoto walichukua takriban dakika 15 zaidi ya vijana, nyingi zikiwa za kujifunza kuitia na kuitoa. Dakika 15! Ni muda wa kungoja matatu ijae hapo stendi. Ikiwa huo ndio umbali kati ya mtoto wa darasa la tatu na kijana mwenye ndevu za kwanza, basi ile miaka minane tunayomwambia angoje ni ya nini?

(Na kama kuna anayeona lenzi na utoto havipatani, akumbuke zilivyoanza. Otto Wichterle, mkemia wa Czechoslovakia, alitengeneza lenzi laini za kwanza zilizofaa jikoni kwake wakati wa Krismasi ya 1961, kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya Merkur, yaani vile vya watoto kuchezea kujenga magari na kreni, ikizungushwa kwa dainamo ya baiskeli. Lenzi laini zimezaliwa kwenye kichezeo.)

Hoja inayopendwa zaidi ni ya uchafu. "Watoto ni wachafu, watajitia vijidudu." Inasemwa kwa yakini kiasi kwamba hakuna anayeuliza kama imewahi kuhesabiwa. Imehesabiwa. Mwaka 2017 Mark Bullimore alikusanya tafiti zilizokuwapo kuhusu usalama wa lenzi laini kwa watoto. Katika utafiti mmoja mkubwa wa kumbukumbu za wagonjwa, visa vya konea kuvimba kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 vilikuwa 97 kwa kila miaka 10,000 ya uvaaji. Kwa wale wa 13 hadi 17 vilikuwa 335. Maambukizi makali ya konea, yale yanayoweza kuacha kovu na kumnyima mtu nuru, hayakuonekana hata mara moja kwa wale wadogo. Kwa wale wakubwa yalikuwa 15 kwa kila miaka 10,000. Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa: wadogo walikuwa wachache, jumla ya miaka 411 ya uvaaji, na idadi ndogo huweza kuficha balaa adimu. Lakini hata ukikata tarakimu hizo nusu kwa ajili ya tahadhari, hazielekei kule jirani alikosema. Umri ukipanda, hatari nayo imepanda.

Kwa nini? Mwenye mtoto wa miaka 10 na mwingine wa 15 hahitaji profesa. Wa 10 anaogopa. Umemwambia lenzi ikilala jichoni jicho litauma, naye anaamini kama anavyoamini habari za majini wa mbuyu. Anataka umwangalie akinawa, anakuita uje uone. Wa 15 amekwisha kugundua kwamba mtu anaweza kuvunja kanuni Jumatatu na Jumanne jua likachomoza vilevile. Anafunga mlango. Ukimwuliza umezitoa, anajibu "ndio" kwa sauti ileile aliyojibu kuhusu hesabu.

Na kanuni anayoivunja huyu si ndogo. Nchini Australia walipima, wakachapisha 2008, kwamba mwenye kuvaa lenzi laini mchana na kuzitoa usiku ana hatari ya maambukizi ya konea ya karibu 2 kwa watu 10,000 kwa mwaka. Anayelala nazo, karibu 20. Mara kumi. Tafuteni tofauti ya umri inayofanya mambo mara kumi, hamtaipata. Ile hatari tunayoihofia imelala kwenye mto, sisi tunaitafuta kwenye cheti cha kuzaliwa.

Sasa turudi kwa jirani na fomu wani yake, maana hapa ndipo ushauri wa subira unapogeuka mtego. Watoto wengi wetu wakifika umri huo wanakwenda wapi? Bweni. Nimekaa bweni miaka minne na nakumbuka vizuri. Alfajiri, giza, mfereji mmoja na wasichana thelathini wenye ndoo. Kipande cha sabuni kimekatwa kwa uzi kiwafae wawili. Taulo haikauki kati ya Jumapili na Jumapili. Hutundikwa kwenye chuma cha kitanda, na aliye kitanda cha juu huifutia miguu. Masomo ya usiku mpaka saa nne, kisha taa zinazimwa na mtu mmoja, na zikizimwa zimezimwa. Mwenye lenzi hapo atafanya nini gizani? Atalala nazo. Kikasha chake kimo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, kati ya sukari na kiwi. Dawa ya kuoshea lenzi ikimwisha wiki ya sita ya muhula, hatampigia mamake, kwa kuwa simu haziruhusiwi na mama ametoa karo juzi kwa tabu. Atatia maji. Au atatia mate, jambo nililoliona kwa macho yangu likifanywa na msichana aliyekuwa wa kwanza darasani katika baiolojia.

Huyo ndiye tunayesema amekomaa. Na mkufunzi wake wa kwanza wa lenzi ni giza la bweni. Kama mtoto atavaa lenzi katika maisha yake, mwaka wa kuanza ni ule ambao bado analala chini ya paa la mamake, ili akiondoka mikono yake iwe imeshazoea kazi hiyo kama ilivyozoea kufunga vifungo vya shati. Kama hataanzia nyumbani, basi bora avuke bweni zima na miwani yake ndipo aanze. Katikati hapo ndipo shimo lilipo, na "fomu wani tutaona" inamsukuma mtoto moja kwa moja ndani.

Najua mtakachosema. Mtasema Ohio si Mtopanga. Kweli tupu, na ningelikasirika kama hamkulisema. Tafiti hizi zimefanywa kwa watoto ambao ukifungua mfereji nyumbani kwao maji hutoka. Kwetu mfereji una siku zake. Siku nyingine ni mwenye mkokoteni na mitungi yake ya lita 20, na hatuulizi amechota wapi kwa sababu tunaogopa jibu. Kisima kipo, lakini ni cha chumvi, na vyoo vya shimo navyo viko hatua chache tu kutoka hapo. Haya ndiyo yaliyopaswa kuwa mazungumzo yetu tangu mwanzo. Angalieni basi tulipofika: mnaponiambia Ohio si Mtopanga, mmeacha kuzungumzia miaka ya mtoto, mmeanza kuzungumzia maji. Karibuni. Tukae hapo.

Katika maji kuna kidudu cha jamii ya amiba kiitwacho akanthamiba. Kinaishi kwenye udongo, visima, mabwawa ya kuogelea, na pia kwenye maji ya mfereji yaliyotiwa dawa, kwani kikibanwa hujivika ganda gumu na kungoja. Kikipata lenzi iliyolowa maji hayo hupanda juu yake kama abiria, kikashushwa kwenye konea. Maumivu yake ni makali, matibabu yake huweza kuchukua miezi, na wako waliopoteza jicho. Katika miaka ya 1980 huko Marekani wagonjwa walizidi ghafla, na mojawapo ya sababu ilikuwa watu kujitengenezea maji ya lenzi nyumbani kwa vidonge vya chumvi. Maji yalikuwa meupe pe. Yangelipita mtihani wowote wa nyanya.

Kwa hiyo kanuni ya lenzi haisemi "tumia maji safi". Inasema maji yasiiguse kabisa, yawe ya mfereji kutoka Baricho au Mzima, ya chupa au ya Zamzam. Lenzi huoshwa kwa dawa yake peke yake, na ile ya siku moja haioshwi, hutupwa. Maji na sabuni ni kazi ya mikono, kisha mikono ikaushwe kwa kitambaa safi kabla ya kidole kwenda jichoni. Mkono mbichi ni maji juu ya lenzi. Hesabuni sasa umaskini wetu wa maji unatunyima nini hasa. Hautunyimi kuosha lenzi, kwa kuwa hata tajiri wa Nyali haruhusiwi kuiosha kwa maji yake. Unatutaka tuwe na kopo moja la maji masafi kwa ajili ya mikono asubuhi, jingine jioni, sabuni, na kitaulo kisichoguswa na mtu mwingine.

Na hapa nitasema jambo ambalo sijalisikia kwa mtaalamu yeyote. Mtoto wa Mtopanga, katika elimu ya maji, amemshinda yule wa Ohio. Yule kwake maji ni maji. Huyu wetu akiwa na miaka 6 anajua mtungi wa bluu ni wa kunywa, wa njano ni wa kupikia, pipa la nje ni la kisima na hufulia tu, na maji ya mwisho ya mvua yamewekwa kwa ajili ya nyanya kwa vile hayakaushi ngozi. Akikosea kata, atasikia sauti kutoka chumba cha tatu. Ukimwambia mtoto huyu kwamba kuna kitu kimoja ndani ya nyumba kisichotaka maji ya mtungi wowote, hutamchanganya. Umemwongezea mtungi wa tano ambao ni mtupu. Kwa hiyo mzazi akiniuliza atajuaje, sitamwuliza mtoto alizaliwa lini. Nitamwuliza: anapotumwa maji ya kunywa bila kusimamiwa, huleta ya mtungi upi? Hunawa kabla ya kuchovya kata, au baada ya kushtukiwa? Yuko mtoto wa miaka 9 hapa kwetu ningempa lenzi kesho. Yuko mjomba wangu wa miaka 50 ambaye singempa hata kikasha.

Mambo mawili ya kwetu niyapite mbio, kwa sababu yameulizwa. Udhu: maji ya kutawadha huosha uso, wala fiqhi haimtaki mtu aoshe ndani ya jicho, kwa hiyo hakuna haja ya kuzitoa lenzi mara tano, afumbe macho, ajikaushe. Bahari: hapana. Siku ya kwenda ufuo wa Pirates lenzi hubaki nyumbani, au ni za siku moja na hutupwa akitoka majini, na kusiwe na "leo tu ni Idi".

Imebaki hoja ya urembo, ambayo husemwa kwa midomo iliyobenuliwa. "Anataka kujipodoa huyo, si kuona." Tuseme ni kweli. Msichana anayeitwa "macho manne" kuanzia asubuhi mpaka kengele ya jioni anataka siku moja aitwe kwa jina lake. Kosa liko wapi? Walline huyohuyo alifuatilia watoto 484 wa miaka 8 hadi 11 kwa miaka 3, nusu wakiwa na miwani, nusu na lenzi. Kwa thamani ya nafsi kwa jumla, makundi hayakutofautiana, na hilo nawapa wapinzani wangu bure: lenzi haimgeuzi mtoto mnyonge kuwa simba. Lakini katika namna walivyojiona sura zao, uwezo wao michezoni na kukubalika kwao na wenzao, waliovaa lenzi walijiona vizuri zaidi. Kwa kipa, la michezo peke yake latosha.

Ila urembo wenyewe tuuseme wote. Wale mashangazi wanaomkatalia mtoto wa miaka 10 lenzi ya kuonea ndio hao ambao harusi ikikaribia humnunulia binti wa miaka 17 lenzi za rangi, za asali au za kijivu, kwenye duka la vipodozi kati ya kucha za bandia na wigi. Hakupimwa, hakufundishwa. Zikimwasha, dadake huzijaribu naye. Wanja ukiingia, hufutwa kwa ncha ya leso iliyotiwa mate. Marekani tangu 2005 sheria yao inaihesabu kila lenzi, hata ya rangi isiyo na namba, kuwa kifaa cha tiba kisichouzwa bila karatasi ya mpimaji. Sisi tumeigeuza hina. Mwenye kuliona hili na akanyamaza asinipigie kelele kuhusu mtoto mwenye kitaulo chake.

Kuna mahali pamoja ninapokubaliana na wapinzani, na hapo tunakubaliana kwa dhati: macho yanayowasha. Wako watoto wengi Afrika Mashariki wenye aleji ya macho, ile ya kusugua kutwa, weupe wa jicho ukageuka rangi ya chai. Huyo asipewe lenzi ya michezo wala ya urembo, awe na miaka 8 au 28, mpaka daktari ayatulize macho. Kusugua kwenyewe huweza kuikunja konea ikachongoka. Vumbi la barabara zetu halisaidii. Lakini tazameni: hata hapa kizuizi ni kuwasha. Umri haumo.

Kuna pia sauti itakayosema haya ni mambo ya Nyali yaliyovuka barabara ya Malindi kuja kututia gharama. Sauti hiyo naiheshimu. Lenzi za siku moja kwa mwaka mzima ni lenzi 730, na kila mwenye lenzi lazima awe na miwani inayomfaa pembeni kwa siku za jicho jekundu, kwa hiyo gharama ya miwani haikuondoka. Asiyeweza kununua za kutosha asianze, kwa kuwa umaskini wa lenzi una dalili moja: kuivaa ya siku moja siku nne. Na kabla ya mtoto mmoja kupata lenzi, darasa lake lina watoto ambao hawajui kwamba ubao una maandishi. Trans Nzoia daktari Hillary Rono na wenzake walifanya jaribio katika shule 50 za msingi, walimu wa nusu ya shule hizo wakipewa simu ya kupimia macho, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba pale simu ilipotumika, ikimwonyesha mzazi jinsi mwanawe anavyoona na kumkumbusha kwa ujumbe, 54 kati ya kila watoto 100 waliotambuliwa walifika hospitali, dhidi ya 22 pale palipotumika njia ya kawaida. Mtopanga ingelianzia hapo, ningelitia lenzi mfukoni na kunyamaza.

Lakini muuzaji naye asichukue makala hii akaibandika dukani. Atawaambia kuna lenzi zinazozuia macho kuharibika. Zipo zinazopunguza mwendo: Novemba 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha lenzi za MiSight za siku moja kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 hadi 12, baada ya majaribio ya miaka 3 ambayo kupanda kwa namba kulipungua kwa wastani wa asilimia 59. Kupungua si kukoma. Umri wa kuanza wenyewe mmeusoma: anayengoja 18 ameshakosa safari. Na kwa asiye na fedha hizo, saa mbili za kucheza nje mchana ni kinga ya bure kwa jicho ambalo halijaanza kuharibika, jambo ambalo mpwa wangu alikuwa akilitekeleza langoni bila kuandikiwa na daktari.

Mamake hajanunua lenzi. Amefanya kitu kingine. Amepigilia msumari jikoni karibu na mtungi wa bluu, akatundika kitaulo kidogo cheupe, akamwambia binti: kwa miezi miwili, asubuhi na jioni, nawa kwa sabuni, jikaushe kwa hiki, gusa kope ya chini kwa ncha ya kidole bila kupepesa, kisha kifue Jumamosi. Nami nitatazama, lakini sitakukumbusha. Siku ya kumi na moja alisahau, akalia mwenyewe. Tangu hapo hajasahau. Wiki iliyopita ami yake, yule wa kitambulisho na kura, aliingia jikoni ametota kwa joto, akakivuta kitaulo msumarini akajifuta jasho la shingo. Alifukuzwa mpaka barazani na mtoto wa miaka 10, na kitaulo kikafuliwa siku hiyohiyo, ijapokuwa ilikuwa Jumatano.